Taya la Baba na Koleo la Kambini

Kwanza nilimlaumu panya. Nyumba ilikuwa inanuka, nami nikasogeza makochi, nikapiga deki nyuma ya friji, nikamwaga dawa kwenye bomba la sinki, nikagombana hata na jirani kuhusu ndoo yake ya taka. Muda wote huo baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, leso mdomoni, akinitazama nikihangaika. Aliniacha nipindue nyumba nzima huku akijua fika kwamba harufu ile inatoka kinywani mwake.

Jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Wengine wakisimulia ugonjwa wa wazazi wao huanza na machozi. Mimi naanza na lile deki.

Siku niliyogundua, nilikuwa nimempelekea uji. Aliposogeza leso ili anywe, harufu ikanipiga usoni, na usaha ulikuwa umeganda kwenye kona ya mdomo.

"Baba, fungua mudomo."

"Hapana iko kitu."

"Fungua."

Akafungua nusu, kama mtu anayemfungulia mlango mgeni asiyemtaka. Nikawasha tochi ya simu. Upande wa kushoto, chini, kule nyuma, palikuwa na pengo ambalo sikuwahi kuliona. Nilitegemea kuona kidonda chekundu. Nikaona mfupa. Mfupa mtupu, wa rangi ya majivu, umechomoza kwenye fizi, na usaha ukiuzunguka.

"Jino iko wapi?"

"Ilitoka."

"Yenyewe?"

Akafunga mdomo, akarudisha leso mahali pake, akageukia dirishani kutazama foleni ya magari ya mtaa wetu wa Ntinda.

Inabidi nimweleze baba yangu, la sivyo mtamwonea huruma mapema mno. Alikuwa dereva wa polisi. Alitoka West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, akiwa kijana, akamwoa Mwacholi, wakatuzaa katika kambi ya polisi, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, sisi watoto tulilelewa kwa Kiswahili. Watu wa Kampala wakisikia Kiswahili chetu sokoni hushika mifuko yao, maana kwao ni lugha ya askari na wezi. Kambini kilikuwa lugha ya kila kitu: ya mapenzi, ya matusi, ya sala, na ya amri. Na kambini kulikuwa na desturi moja ambayo baba aliondoka nayo siku ya kustaafu kama vile aliandikiwa kwenye ngozi. Asubuhi, kabla ya gwaride, wagonjwa walisimama mstari wao pembeni, mbele ya wenzao wote. Inspekta alipita akiwatazama mmoja mmoja, na wale wazima wakacheka. Aliyesimama mstari ule mara nyingi alipewa jina la mtegaji, yaani mkwepa kazi, na watoto wake nao wakaitwa watoto wa mtegaji. Baba hakusimama pale hata mara moja. Aliwahi kuendesha lori na malaria mpaka likaingia mtaroni, na hadithi hiyo aliisimulia kwa fahari.

Kwa hiyo saratani ya tezi dume ilipomjia, aliificha mpaka ikaingia kwenye mifupa. Nilikuja kuijua aliposhindwa kuinuka kitini. Nikampeleka hospitali, wakampa sindano za kuituliza, na juu yake wakamwekea dripu ya kuimarisha mifupa ili uti wa mgongo usije ukavunjika. Dripu hiyo ilifanya kazi. Nasema hivyo kwa haki. Maumivu ya mgongo yalipungua, akaanza tena kutembea mpaka kwenye duka la gazeti. Lakini miezi yote ile tuliyokuwa tunakwenda na kurudi, hakuna daktari wala nesi aliyetuambia neno moja kuhusu meno. Wangesema tu, "Kabla hatujaanza, mkaangalie meno yake." Au, "Akiumwa jino, asiling'oe kabla ya kutuuliza." Ni maneno ya pumzi moja. Walikuwa na muda wa kuniambia niende foleni nyingine, nikapige picha nyingine, nisikae kwenye benchi lile kwa sababu ni la wauguzi. Muda wa meno haukuwapo.

Na baba jino likamuuma. Akafanya ambacho kila mtu wa kambi yao angefanya.

Kuna mzee mmoja ambaye alikuwa dresa wa zahanati ya kambi. Kazi yake ilikuwa kusafisha vidonda na kufunga bandeji, lakini kambini daktari alikuja alipotaka, basi dresa akawa pia mpiga sindano, mkunga wa dharura na mng'oa meno. Amestaafu, anaishi Kabalagala nyuma ya mtaa wa mabaa, na koleo lake alistaafu nalo. Polisi wastaafu hawaendi kwa daktari wa meno. Wanakwenda kwake. Unakaa kwenye kiti cha plastiki uani, unapigwa sindano ya ganzi, unapewa waragi kidogo, ile pombe kali, ya kujisukutua, mnapiga soga za zamani, jino linatoka. Baba alikwenda huko siku niliyokuwa kazini, akarudi na pamba mdomoni, akaniambia kakaa na marafiki.

Haya yote niliyajua baadaye, kwa kuyavuta kutoka kwake kama mtu anayemvuta mbuzi kwenye mvua. Kwanza nilimpeleka kwa daktari wa kinywa katika hospitali kubwa. Ni mwanamke kijana mwenye sauti ndogo. Alitazama, akaagiza picha, akaishika mbele ya mwanga. Akamwuliza baba kama anapewa dawa yoyote ya mifupa. Baba akasema hapana. Akamdanganya daktari mbele yangu, uso mkavu, mgongo umenyooka!

"Anapewa dripu," nikasema. "Ana kansa."

Baba alinitazama kama nimemvua nguo barabarani.

Daktari akatueleza taratibu. Mfupa wa mtu mzima, alisema, haukai tu; kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa upya. Dripu ile huzuia ubomoaji, ndiyo maana inaulinda mgongo. Lakini taya ndilo linalotafuna na kubeba meno, na jino likitolewa, mfupa wa pale unahitaji ukarabati haraka. Usipoweza kujikarabati, unakufa, na nyama haiwezi kuota juu ya mfupa uliokufa.

"Atapona?" nikauliza.

Akasema inategemea. Nilichukia neno lile, ingawa alikuwa mtu wa kwanza kunijibu kwa ukweli. Inategemea dripu amepata kwa muda gani, na baba alikuwa amepata kwa muda mrefu. Inategemea sukari ya damu, na sukari ya baba ilikuwa juu kidogo, tena naye akitia sukari kwenye chai mpaka kijiko kinasimama. Inategemea sigara. Hapo baba akaanza kupendezwa na dari. Inategemea usafi wa kinywa, na kama usaha utadhibitiwa. Lakini kuliko yote, alisema, pasiguswe. Asukutue dawa, ameze vidonge, ale vitu laini, na mtu yeyote asichokoe ule mfupa. Wakati mwingine mwili wenyewe hukitenga kipande kilichokufa kikalegea na kutoka, na nyama hufunga chini yake. Ikiwa uozo utaendelea kusambaa, itabidi wakate sehemu ya taya.

Baba akauliza swali moja tu. "Ukikata, mutu anaweza kuongea?"

"Kwa shida, Mzee. Na kula ni kwa shida."

Nje kwenye korido alinikemea kwa kusema kansa. Nami nikampasha, palepale, mbele ya watu waliokuwa wamepanga foleni. Nilimwambia hili si gwaride. Nilimwambia taya lake si mali ya polisi. Watu wakageuka, wakasikia Kiswahili, wakasogea kando kidogo, na mimi nikaendelea.

Halafu ikaja vita ya dripu. Daktari wa kinywa alitaka isimamishwe mpaka fizi ifunge. Daktari wa kansa alisema dawa ile hukaa mifupani miaka na miaka, kwa hiyo kuisimamisha huenda kusisaidie taya kitu, na mgongo ukivunjika je? Kila mmoja alinituma kwa mwenzake. Majengo yao yanatazamana. Wangeweza kupungiana mkono dirishani. Mimi ndiye niliyekuwa simu yao, nikivuka ua ule nikiwa na mzee mgonjwa mkononi, huyu akisema hivi na yule akisema vile. Siku moja nilikataa kutoka ofisini kwa daktari wa kansa mpaka ampigie mwenzake. Akapiga. Wakaelewana kwa muda mfupi kuliko ule wa kupanda ngazi: tutasimamisha, tutaangalia mgongo, tutaona. Nilitoka pale na hasira zaidi, maana kumbe ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Nikaanza kazi. Nilimpikia uji wa mtama, nikamsagia maharage, nikamwekea chupa ya dawa ya kusukutua karibu na kiti. Sukari nikaificha. Sigara nilizivunja mbele yake moja moja, akanitolea macho lakini hakuinuka. Na ikawa nafuu. Harufu ilipungua, uvimbe wa shavu ukashuka. Daktari alifurahi.

Kisha ukarudi. Usaha, harufu, shavu kama amefutika embe. Tukaanza upya, vidonge vipya, nafuu tena, na tena ukarudi. Daktari alinitazama kwa namna ya kunishuku, na mimi nikamshuku mtengeneza vidonge. Nilipekua mifuko ya koti la baba nikitafuta sigara. Sikupata hata kiberiti. Hapo daktari akaanza kulitaja lile la kukata, na safari hii alilitaja kama jambo la kupangiwa siku.

Mchana mmoja nilirudi nyumbani mapema kwa sababu umeme ulikatika kazini. Geti lilikuwa wazi. Uani, kwenye kiti changu cha plastiki, baba alikuwa ameinua uso kuelekea jua, mdomo wazi, na yule dresa mstaafu ameinama juu yake na koleo. Miwani imeteremka puani. Pembeni, kwenye sahani yangu ya kulia chakula, kulikuwa na vipande vidogo vya mfupa na damu.

Nilipiga ukelele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

"Polepole, mutoto," dresa akasema, bila hata kunyoosha mgongo. "Mimi nasafisha. Hii takataka ikibaki ndani, haiponi."

"Nani kakwambia usafishe?"

"Afande mwenyewe aliniita. Jino nilitoa mimi, kidonda ni yangu."

Kidonda ni yangu! Kumbe alikuwa anakuja kila tulipopata nafuu kidogo. Fizi ikijaribu kusogea, yeye anakuja kuibomoa. Nilimfukuza. Nilichukua koleo lake nikalirusha nje ya geti, na alipokwenda kuliokota barabarani, mzee yule wa miguu mibovu, sikumwonea huruma hata chembe. Na sahani ile niliitupa.

Halafu nikamgeukia baba. Nilitegemea atanipigia kelele, nami nilikuwa tayari, nilikuwa na maneno ya kutosha wiki nzima. Yeye akafuta damu kwa leso.

"Yeye hapana jua," akasema.

"Hajui nini?"

"Hiyo dripu. Hiyo ugonjwa. Sikumwambia."

"Kwa nini, Baba?"

Akaikunja leso ile. "Ni ugonjwa ya huku chini. Ile watu ya kambi watacheka. Watasema afande sasa ni mwanamuke."

Hapo ndipo nilipochoka. Mtu alikuwa tayari kukatwa taya, asile nyama tena wala kuongea vizuri maisha yake yaliyobaki, ili wazee fulani wanaocheza ludo Kabalagala wasimcheke. Na yule mwingine alikuwa ameng'oa jino la mzee dhaifu, anayetembea na fimbo, bila kumwuliza swali moja. Mmoja hakusema, mwingine hakuuliza, na wote wawili wakajiona wanaume. Nilimwambia baba kwamba akiguswa tena na koleo lile, mimi namrudisha West Nile kwa basi. Nilikuwa namaanisha. Aliinama akasema, "Sawa, afande," na sijui mpaka leo kama alikuwa ananidhihaki.

Hakuguswa tena. Nilimlipa dada wa jirani akae naye mchana, mwanamke mnene asiyeogopa mtu, na geti likafungwa kwa kufuli. Baba alisukutua, akameza vidonge, akala uji wake bila kulalamika. Hasira yake na yangu zilikaa meza moja kwa majuma mengi.

Siku ya kliniki, daktari alipomulika, aliita mwenzake aje aone. Akachukua kibano, akagusa tu ule mfupa, na ukaja wenyewe. Hakuvuta. Kipande kirefu kama kiungo cha kidole kikalala kwenye bandeji, na chini yake, pale nilipozoea kuona majivu, palikuwa na nyama ya waridi. Si yote. Kulikuwa bado na sehemu nyuma iliyo wazi, na daktari alituonya tusishangilie mapema, inaweza kwenda vizuri na inaweza kurudi. Lakini la kukata halikutajwa tena.

Baba aliomba aushike. Aliuweka kiganjani, akaugeuza.

"Ilikuwa inataka kuachwa tu?"

"Ndiyo, Mzee. Kuachwa, na kusafishwa kwa dawa."

Tulirudi kwa gari mpaka karibu na nyumbani. Kisha akasema, "Jumamosi unipeleke Kabalagala."

"Kufanya nini?"

"Unipeleke."

Jumamosi wastaafu hukutana uani kwa dresa. Wanachoma nyama, wanacheza ludo, wanadanganyana kuhusu vita. Baba alivaa koti. Tulipoingia, mazungumzo yakakatika, maana kila mtu alikuwa amesikia habari ya mimi na koleo. Dresa alikuwa kwenye kiti chake, hakuniangalia. Mimi nilimwangalia sana.

Baba hakukaa. Alisimama na fimbo yake katikati ya ua, akaondoa leso.

"Mimi niko na kansa," akasema. "Ya wanaume. Ya huku." Akaonyesha kwa fimbo. "Imeingia kwa mifupa. Wananiwekea dripu, na hiyo dripu, ukitoa jino, mufupa ya mudomo inakufa. Angalieni."

Akafungua mdomo. Akapita mbele yao mmoja mmoja, na kila mmoja alilazimika kuinuka kidogo na kutazama ndani. Mzee mmoja alicheka. Baba akabaki mbele yake, mdomo wazi, mpaka kicheko kikakauka. Mwishoni akafika kwa dresa.

"Afande," dresa akasema, sauti imeshuka, "mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

"Mimi nimetoa meno ya kambi yote. Hakuna hata moja ilikataa kupona."

"Hii ilikataa," nikasema mimi. "Na wewe ukarudi kuichokoa." Niliongeza mengine ambayo binti hapaswi kumwambia mzee, na sijayajutia. Dresa alitazama mikono yake. Hakuna aliyemtetea, na hakuna aliyenikanya.

Tuliondoka bila kula nyama. Nilikuwa nimeshawasha gari, baba yuko kiti cha mbele, nilipomwona mzee mmoja mkubwa wa mwili akitufuata, akikwepa madimbwi. Ni sajini mstaafu, mtu wa utani, kila msiba kambini yeye ndiye aliyewachekesha watu. Leo hakuwa na utani. Aliinama kwenye dirisha langu, akatazama nyuma kwanza kuona kama kuna anayemsikia.

"Mutoto yangu," akasema, "hiyo dripu... ni ile ya maji kidogo? Inaingia haraka, halafu kesho yake mwili yote inauma kama malaria?"

Alikuwa anaongea upande mmoja wa mdomo. Nilidhani ni kwa ajili ya kunong'ona.

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo hiyo."

Akaingiza vidole mdomoni, akatoa pamba. Damu yake ilikuwa mbichi.

"Alinitoa jino leo asubuhi," akasema.

Nilipiga usukani kwa ngumi mpaka mkono ukaniuma. Jumamosi, jua linazama, kliniki ya kinywa imefungwa, na mimi sina hata nguvu ya kutukana. Baba alifungua mlango wake, akashuka na fimbo yake polepole, akahamia kiti cha nyuma, na mlango wa mbele akauacha wazi.

"Panda, afande," akamwambia. "Usiguse tena hapo."